Waliovuka Ndio Wanaoulizwa

Mwishoni mwa Januari 2013, kozi moja ya bure ilianza mtandaoni ikiwa na wanafunzi zaidi ya 40,000 kutoka kila pembe ya dunia. Iliandaliwa na chuo cha Georgia Tech cha Marekani, ikatolewa kupitia jukwaa la Coursera, na ilihusu misingi ya elimu ya mtandaoni. Miongoni mwa waliojiandikisha walikuwamo walimu wengi waliokuja kujifunza namna ya kuandaa masomo ya aina hiyohiyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujigawa katika vikundi. Likawekwa lahajedwali moja la Google, na kila mtu akaambiwa aingie, atafute nafasi, aandike jina lake. Lahajedwali lile liliruhusu watu 50 tu kuandika kwa wakati mmoja, na mlangoni walisimama maelfu. Wachache walioingia waliweza kuandika popote na kufuta chochote. Safu zikapotea. Mtu aliandika jina lake asubuhi, akirudi jioni halipo. Wengine wakaamua kujiundia vikundi vyao kwenye jukwaa la majadiliano, kila mmoja akifungua mada yake, mpaka anayetafuta kikundi akawa na mamia ya mada za kupekua. Maelekezo mapya yakatumwa, na yakaongeza maswali. Tarehe 2 Februari, kabla hata wiki ya kwanza haijaisha, kozi ikasimamishwa.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi na kila mara namwonea huruma mwalimu aliyeongoza kozi ile. Alitaka jambo jema: watu 40,000 wasisome kila mmoja peke yake kama wako gerezani, wafahamiane, wasaidiane. Kilichomponza ni kifaa. Chombo kinachotosha darasa la watu 30 kilibebeshwa watu elfu arobaini, na anayepikia arusi hachukui sufuria ya nyumbani akaongeza kuni.

Jambo la kutazama kwa makini ni malalamiko ya wanafunzi wenyewe. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba maarifa ni mepesi au mwalimu hajui anachofundisha. Wengi hata hawakupata nafasi ya kufika huko. Walilalamikia njia: nianzie wapi, nafasi yangu iko wapi, nimuulize nani, nikishamaliza hapa niende wapi. Katika kozi kubwa ya mtandaoni, mwanafunzi hukutana na ubora au udhaifu wa usanifu kwanza kwa miguu, kama mtu anayeitafuta nyumba ya mwenyeji usiku. Chakula kilichopikwa ndani atakijua baadaye, akifika.

Niliuona ukweli huu kwa karibu nyumbani kwa mpwa wangu, mkoani Iringa. Anafundisha Biolojia katika sekondari ya kata, na wakati huo alikuwa anasoma kozi ya mtandaoni ya utungaji wa mitihani pamoja na maelfu ya walimu wengine. Ilikuwa saa nne usiku. Mtoto amelala, vyombo vimeoshwa, naye ameketi mkekani na simu ambayo kioo chake kimepasuka kwenye kona ya juu. Bando la wiki alikuwa amelinunua jioni ile. Kazi yenyewe alikwisha kuiandika tangu juzi. Kilichobaki ni kuituma.

Ukurasa ulikuwa na vitufe vitatu vilivyofuatana: Kazi, Shughuli, Majukumu. Akabonyeza Kazi, ikafunguka orodha ya masomo aliyokwisha kuyasoma. Akarudi. Akabonyeza Shughuli, ikaanza video inayojicheza yenyewe, akawahi kuizima kabla haijala bando. Akabonyeza Majukumu, akaambiwa aingize nywila upya, na alipoingiza akarudishwa ukurasa wa mwanzo kabisa. Niliangalia saa. Dakika 25 zilikuwa zimepita na kazi ilikuwa bado iko kwenye simu yake.

“Mjomba,” akaniuliza, “hivi hapa mimi ndiye sielewi?”

“Hapana, mama. Hapo hata mimi ningepotea.”

“Mbona wenzangu wameshatuma? Kwenye grupu wanasema wameshatuma.”

Swali lake lilinikaa moyoni kuliko vitufe vile vitatu. Darasani, mwalimu akieleza vibaya, wanafunzi hutazamana. Macho ya wenzako yanakuambia kwamba tatizo liko mbele, ubaoni. Mtu aliye peke yake usiku na simu hana wa kutazamana naye. Kasoro ya aliyepanga kozi inamfikia kama kasoro yake mwenyewe. Hasemi “ukurasa huu umepangwa ovyo.” Anasema “huenda mambo haya si ya watu kama mimi,” kisha anazima simu, na kesho haifungui.

Watafiti wameigusa hali hii. Mwaka 2017 René Kizilcec na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu wanafunzi wa kozi kubwa za mtandaoni kutoka nchi zisizo na maendeleo makubwa. Wanafunzi hao walikuwa wanamaliza kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa nchi tajiri, na sehemu ya pengo hilo ilitokana na hofu ya kuonekana hawatoshi. Zoezi fupi la kuandika mwanzoni mwa kozi, ambamo mwanafunzi anaeleza mambo anayoyathamini maishani na jinsi kozi inavyohusiana nayo, lilipunguza pengo hilo sana. Miaka 3 baadaye jaribio kubwa zaidi, lililohusisha kozi zipatazo 250, lilionyesha kwamba dawa hiyo haiponyi kila mahali. Hilo halinishangazi. Maneno ya kumtia mtu moyo hayawezi kuirudisha saa nzima iliyoliwa na kitufe kilichowekwa mahali pasipo pake. Lakini hofu yenyewe ipo, na msanifu wa kozi anayeisahau anajenga mlango wenye kizingiti kirefu kisha anashangaa kwa nini wageni hawaingii.

Tuje kwenye hesabu. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungulia dunia kozi yao ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakajiandikisha watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho walikuwa zaidi ya 20,000. Mwaka uliofuata kozi ya kwanza ya jukwaa la edX, ya saketi na elektroniki kutoka MIT, iliandikisha watu karibu 155,000; waliopata vyeti walikuwa 7,000 na ushei. Magazeti ya Marekani yaliuita 2012 mwaka wa kozi hizi. Kisha zikaja hesabu za miaka mingi. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua kozi za Harvard na MIT za 2012 hadi 2018, waliona kwamba katika mwaka wa mwisho wa uchunguzi wao walimaliza kiasi cha watu 3 katika kila 100, na kwamba zaidi ya nusu ya wote waliojiandikisha hawakuwahi kufungua hata somo la kwanza.

Ni lazima kutenda haki hapa. Kujiandikisha kwenye kozi ya bure ni kama kusimama dukani na kushika kitambaa. Wengi wanaoshika hawakuja kununua. Wengine walitaka somo moja tu, wakalipata, wakaondoka wameshiba. Asiyemaliza hahesabiwi kuwa ameshindwa. Hata hivyo, idadi hizi zinabeba jambo ambalo wasanifu wengi wa kozi hulipita bila kulitazama.

Dodoso la kumwuliza mwanafunzi maoni yake huwekwa wapi? Mwishoni, baada ya mtihani, kabla ya cheti. Kwa hiyo katika kozi ya watu 100,000, dodoso linawakuta elfu tatu au nne, na katika hao wanajaza baadhi. Wanaojaza wana furaha, cheti kiko njiani, na wanaisifu kozi. Chuo kinachapisha sifa hizo. Ni sawa na kukaa ng'ambo ya mto ukiwauliza wanaoshuka kwenye mtumbwi kama mtumbwi ni mzuri. Wote watasema ni mzuri. Waliotumbukia majini hawapo pale, wala waliougusa ubavu wake wakaona unavuja wakarudi nyumbani.

Wachache wanaofuatwa huko walikoachia na kuulizwa sababu, jibu lao la kawaida ni moja: sikuwa na muda. Msanifu hupumua akilisikia jibu hilo, kwa sababu muda si kosa lake. Mimi silipokei kirahisi. Mpwa wangu angeacha kozi usiku ule na ukamwuliza, angekujibu kwamba hakuwa na muda, na angekuwa anasema kweli. Muda alikuwa nao kuanzia mtoto alipolala hadi usingizi ulipomzidi. Saa moja na nusu. Katika hiyo, karibu nusu saa ilikwenda kutafuta mahali pa kutuma kazi, na robo saa nyingine kusubiri ukurasa ufunguke. Kila nikisikia “sikuwa na muda” natamani kuuliza: muda uliokuwa nao ulikwenda wapi?

Nani basi tumsikilize kuhusu kozi nzuri? Khe Foon Hew, mtafiti wa Hong Kong, alichukua kozi 3 zilizosifiwa kuliko nyingine, za fani zisizofanana, akasoma maandishi ya wanafunzi 965 waliozieleza. Yaliyojitokeza tena na tena ni haya: kozi inayojengwa juu ya tatizo halisi na kueleza kwa uwazi, mwalimu anayefikika na anayeonekana kulipenda somo lake, kazi za kufanya kwa mikono badala ya kusikiliza tu, kukutana na wanafunzi wengine, na nyenzo zinazosaidia kweli. Studio ya gharama haimo katika orodha hiyo.

Katika hayo yote, mwalimu anayefikika ndilo linalonishughulisha kuliko mengine. Mwalimu mmoja hawezi kufikiwa na watu elfu thelathini. Lakini wanafunzi wanasema wamemfikia. Je, wanaota?

Chukua kozi ya ushairi wa kisasa wa Kimarekani ambayo Al Filreis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliianzisha kwenye Coursera mwaka 2012 na ikapata wanafunzi zaidi ya 30,000. Filreis hakukaa mbele ya kamera akahutubia. Aliketi mezani na vijana kadhaa, shairi limewekwa mbele yao, wakawa wanalichambua neno kwa neno. Mmoja anasema, mwingine anapinga, wa tatu anakwama, wanamsubiri. Anayetazama video anajikuta amevuta kiti. Kila wiki walikuwa na kipindi cha moja kwa moja kutoka nyumba ya waandishi ya chuo hicho, na watu wa mbali waliweza kuuliza maswali yakajibiwa papo hapo. Jina lako huenda lisisomwe kamwe, lakini umeona jina la mtu kama wewe likisomwa. Hicho ndicho wanafunzi wanachokiita kufikika, na hawaoti. Ni kitu kilichopangwa, kama benchi linavyopangwa kibarazani ili mpita njia ajue anaweza kukaa.

Norvig na Thrun walipita njia nyingine. Kamera yao iliangalia karatasi kutoka juu. Mwanafunzi aliona mkono, kalamu na wino vikienda pamoja na sauti, kama umeketi na rafiki anayelijua jambo anakuchorea. Video zilikuwa fupi, na nyingi ziliishia kwenye swali ambalo lazima ulijibu kabla ya kuendelea. Norvig ameeleza pia kwamba tarehe za mwisho za kila wiki zilisaidia kuliko uhuru wa kusoma wakati wowote. Watu walijua kwamba wiki hii maelfu wanahangaika na swali lilelile, nao wakahangaika pamoja.

Na Barbara Oakley alirekodi kozi yake ya kujifunza namna ya kujifunza, aliyoifundisha na Terrence Sejnowski, katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, kwa gharama isiyofika dola 5,000. Ikawa miongoni mwa kozi zilizosomwa na watu wengi zaidi duniani.

Mpaka hapa nimemtetea mwanafunzi. Sasa naomba msomaji anivumilie, maana kuna jambo ambalo mwanafunzi si shahidi mzuri nalo, na tukimsikiliza katika hilo tutamdhuru yeye mwenyewe.

Mwaka 2013 Shana Carpenter wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa na wenzake walitengeneza video mbili za takriban dakika moja. Zilieleza kwa nini paka wenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa, karibu wote ni majike. Jibu liko kwenye kromosomu ya X, inayobeba jeni ya weusi au uchungwa. Jike ana X mbili, hivyo anaweza kubeba zote mbili kwa pamoja. Mhadhiri alikuwa mmoja katika video zote, na maneno yalikuwa yaleyale. Katika video ya kwanza alisimama wima, akaitazama kamera, akazungumza bila kusitasita. Katika ya pili aliinamia karatasi zake, akasoma kwa kukwamakwama, akageuza kurasa. Wanafunzi waliotazama ya kwanza waliamini kwamba wangekumbuka mengi kuliko walioiona ya pili. Walipopimwa, tofauti haikuwapo. Paka walikuwa walewale vichwani mwao, kwa kiwango kilekile.

Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake huko Harvard walileta jambo zito zaidi. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walisikiliza mhadhara mzuri wa mhadhiri mzoefu. Wengine walipewa maswali yaleyale wayapiganie kwa vikundi, mwalimu akipita kusaidia. Waliopigana na maswali walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani. Walipoulizwa, wao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Jasho walilolitoa walilihesabu kama dalili ya kushindwa. Waliosikiliza mhadhara walitoka na hisia tamu ya kuelewa, na hisia hiyo ilikuwa ya mhadhiri. Ilikuwa imewaangukia tu, kama harufu ya biriani la jirani.

Hatari iko hapa. Chuo kinachopanga kozi zake kwa kufuata nyota za wanafunzi kitaondoa polepole kila kinachowatoa jasho. Maswali magumu yatapungua, video zitang'aa, muziki wa mwanzo utaongezwa. Nyota zitapanda. Anoush Margaryan, Manuela Bianco na Allison Littlejohn walipozikagua kozi 76 kwa kanuni za ufundishaji za David Merrill, ambazo zinataka somo lianze na tatizo la kweli na mwanafunzi alitumie alilojifunza, waliona kwamba kozi nyingi zilipangwa vizuri na kuonyeshwa vizuri, lakini ufundishaji wenyewe ulikuwa dhaifu. Ni nyumba iliyopigwa rangi kabla ya kuta kukamilika. Utafiti wao ulitoka mwaka 2015, na sioni sababu ya kuamini kwamba rangi imeacha kutangulia kuta.

Hata ile kanuni ya dakika 6 ambayo kila mtengeneza kozi anaikariri imeumizwa na kosa hilihili. Philip Guo na wenzake walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za edX, wakaona kwamba watazamaji huachia karibu na dakika ya 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Walipima utazamaji. Kuelewa ni jambo lingine. Watu wakaisikia nusu, wakachukua mihadhara yao ya saa nzima, wakaikata vipande kumi. Ugali mbichi hata ukiukata vipande kumi unabaki mbichi. Video za Norvig zilikuwa fupi kwa sababu kila moja ilibeba wazo moja na swali lake, tangu zilipokuwa karatasini.

Kwa hiyo mimi hugawa ushahidi. Kuhusu njia, mwanafunzi ndiye shahidi wa kwanza na hana mshindani: kama maelekezo yanaeleweka, kama bando linatosha, kama mwalimu anaonekana kuwapo, kama kuna mtu wa kumshika mkono anapokwama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wasanifu wengi hawajawahi kuzilalia kozi zao kwa simu ya kioo kilichopasuka. Kuhusu kama amejifunza, asiulizwe kwa nyota. Apewe jambo la kufanya, tuone kama analifanya.

Sisi Waswahili tulikwisha kulijua hili kabla ya intaneti. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Takriban watu milioni 2 walisoma kwa redio na vijitabu juu ya magonjwa yanayozuilika, malaria ikiwamo. Kwa ukubwa, inazipita kozi nyingi zinazotajwa leo kwa majigambo. Redio ilikuwa moja, sauti moja, nchi nzima. Waliopanga hawakuiachia redio kazi hiyo peke yake. Waliwafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, watu wa vijiji hivyohivyo, si wataalamu. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadili, kisha wakaamua watafanya nini. Aliyepotea alikuwa na mtu wa kutazamana naye.

Na tathmini? Watafiti walikwenda katika vijiji vya sampuli kuangalia hali ya kaya kabla ya kampeni, wakarudi baadaye. Walitazama vyoo. Shimo lililochimbwa lilikuwa jibu la mtihani, na mtu angeweza kukipenda kipindi au kuchoshwa nacho, shimo lingesema ukweli wake.

Kampeni ile ilibebwa na nguvu za wakati wake, chama na serikali nyuma yake, na siombi irudi ilivyokuwa. Naomba tu kiongozi mmoja zaidi wa kikundi, wa 75,001. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kimejenga vituo mikoani, na yeyote aliyewahi kusoma kwa masafa anajua thamani ya chumba chenye meza na mtu anayekujua kwa jina, hata kama masomo yote yako mtandaoni. Kozi zinazotufikia kutoka ng'ambo hazina chumba hicho, na wanafunzi wetu wamekijenga wenyewe, kwenye grupu za WhatsApp ambazo msanifu hazijui. Humo mtu anauliza saa tano usiku kazi inatumwa wapi, na anajibiwa. Usiku ule mpwa wangu aliokolewa na mwalimu wa Mbeya ambaye hawajawahi kuonana, aliyepiga picha ya skrini yake na kuzungushia duara jekundu mshale mdogo kwenye pembe ya ukurasa. Kazi ilitumwa saa tano na dakika arobaini. Dodoso la mwisho wa kozi halikuuliza lolote kuhusu mwalimu wa Mbeya.

Muda umepita tangu siku hiyo. Majuzi nikapata ujumbe: “Shikamoo mjomba. Nimeandaa kozi ya wiki mbili ya kutunga maswali, ni ya walimu wenzangu wa wilayani. Naomba uingie kama mwanafunzi, usiingie kama mjomba.”

Nikaingia kwa simu. Juu kabisa paliandikwa Anzia Hapa. Chini ya kila video palikuwa na urefu wake na ukubwa wake kwa MB, na maandishi yake yote kwa asiyetaka kuichezesha. Kabla ya somo la kwanza niliagizwa nitunge swali moja la mtihani, hivihivi, bila kufundishwa chochote, nikakaa nalo dakika nyingi na halikuwa swali zuri. Siku ya tatu likaja dodoso la mstari mmoja: Tangu uanze, ni wapi ulipotea? Nikajibu kwamba nilipotea kwenye ukurasa wa nne, kitufe cha kuendelea kilijificha chini ya picha. Kesho yake kilikuwa kimepandishwa.

Jumamosi nilikuwa kwake tena. Alikuwa na daftari la mistari, limefunguliwa mezani, na ndani yake majina 6 ya walimu ambao hawajaonekana kwenye kozi tangu siku ya pili. Mbele ya kila jina aliacha nafasi ya kuandika sababu. Alikuwa anawapigia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na mgonjwa. Wa pili simu haikupatikana. Wa tatu alisema hakuwa na muda, na mpwa wangu akamwuliza taratibu, “Sawa mwalimu, ila ile siku ya pili ulipofungua, uliona nini kwanza?” akawa anaandika kwa muda mrefu. Nilitaka kumwambia jambo nilipoona amekata simu. Akainua kidole nisubiri. Wa nne alikuwa amepokea.